Punje za mpunga na hesabu ya riba

Mzazi wa mwanafunzi wangu hapa Ifakara alikopa gunia moja la mpunga wakati wa palizi, alipe mawili kwenye mavuno. Darasani nikaulizwa: ubaya uko wapi?

Nikawapa hesabu aliyoikokotoa Al-Biruni miaka 1,000 hivi iliyopita. Ubao wa sataranji una vyumba 64. Weka punje 1, kisha 2, 4, 8, hadi mwisho. Jumla ni 18,446,744,073,709,551,615. Mpunga wa dunia nzima kwa mwaka haufiki hapo, sembuse wa Bonde la Kilombero! Tena kila chumba kinazidi jumla ya vyote vilivyotangulia kwa punje moja.

Deni hilo likiachwa misimu 10, gunia 1 huwa 1,024. Aal Imran aya ya 130 imetukataza riba ya maradufu; na iliyo kidogo nayo ni riba. Tukopeshane bila nyongeza.