Pampu inakoroma: imekufa au ina hewa?

Swali: Nimefunga mwenyewe mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji. Pampu inakoroma na prosesa inafika nyuzi 90 nikicheza gemu. Fundi anasema ninunue pampu nyingine. Nifanyeje?

Jibu: Usitoe hela bado. Mfumo mpya ukikoroma, mara nyingi ni hewa tu. Hewa hukimbilia juu, kwa hiyo hujibanza kwenye kona za rejeta na kwenye kichwa cha pampu.

Zima umeme, kisha chomoa nyaya zote za pawasaplai isipokuwa ule wa pampu. Kwenye plagi ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wa jirani kwa kipande cha waya (zikiwa nyeusi zote, ni pini ya 16 na 17). Ukiwasha, pampu itazunguka peke yake, na maji yakivuja hayaunguzi kitu. Tandika tishu chini ya maungio hata hivyo.

Sasa inamisha kasha taratibu, mbele, nyuma, ubavuni, kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. Utasikia hewa ikibwabwaja kutoka kwenye rejeta. Zima kidogo mapovu yapande tangini, lisimamishe kasha, fungua, ongeza maji, washa tena. Usiache maji yashuke chini ya tundu la kuingilia pampu: maji hayo ndiyo mafuta yake, na ikizunguka kavu ndipo itakufa kweli.

Vipovu vidogo vitakavyobaki huisha vyenyewe baada ya siku kadhaa.