Dereva Anayechoka Akiwa Ameketi

Safari hii tujifunze juu ya uchovu ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa uchovu. Mtu akilima kutwa, mgongo wenyewe humwambia apumzike. Lakini dereva amekaa kitini, hajabeba gunia wala jiwe. Watu husema, "Huyo naye amechokea wapi?"

Amechoka akili. Chukua barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, kilomita 480 hivi. Ukishapita Mtito Andei kuelekea Voi, lami inanyooka katikati ya mbuga za Tsavo, vichaka huku na vichaka huku, na kazi yote ni kushika usukani. Akili isiyopata jambo jipya hulegea.

Mwaka 1948 mtaalamu Mwingereza, Norman Mackworth, alieleza jaribio lake. Aliwaketisha watu mbele ya kitu kama saa ya ukutani. Mshale ulikwenda hatua moja moja, na mara chache sana uliruka hatua mbili. Walitakiwa kuona miruko hiyo tu. Baada ya nusu saa walianza kuikosa, na hawakuwa wamelala! Macho yalitazama, akili haikupokea.

Ndivyo dereva anavyofika Voi asikumbuke Manyani ameipita vipi. Akijikuta hivyo, au gurudumu likikanyaga ukingo wa lami, au mwendo ukipanda na kushuka bila sababu, uchovu umeshaingia. Kinachofuata ni kusinzia kwa sekunde tatu au nne, na mwenyewe huenda asijue. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Sekunde 4 ni mita 88, na basi zima halina dereva.

Wakati mbaya kabisa ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, mwili unapodai usingizi. Alasiri pia, baada ya ugali, kuna kulegea. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na hajaonja hata tone.

Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio husaidia kitambo kidogo tu. Miraa je? Hapa tutaudhi wengine. Miraa hufukuza usingizi lakini haimalizi uchovu, na nguvu yake ikiisha usingizi hurudi na deni lake. Dawa ni kulala. Dereva aegeshe mahali salama, anywe kahawa, kisha alale dakika 15 au 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo akiamka anaikuta tayari. Hata hivyo hiyo ni ya kumfikisha kwenye kitanda, haichukui nafasi ya usiku mzima.

Sasa tuje kwetu kanisani. Kamati ya mazishi inakodi basi kutoka Mombasa hadi Kisumu, zaidi ya kilomita 800. Basi linaondoka Ijumaa jioni. Jumamosi tunazika. Dereva anashinda kwenye basi juani, watoto wakichungulia madirishani, na jioni tunapanda tena kurudi ili Jumapili tuwahi ibada. Amelala saa ngapi, na wapi? Sheria ya trafiki, tangu ilipobadilishwa mwaka 2012, inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya masaa 8 katika kila masaa 24. Dereva mmoja hawezi safari hiyo bila kuivunja.

Kamati hubishana juu ya bei ya basi na sufuria za pilau, na dereva wa pili huonekana ni anasa. Tunaona awekwe kwenye bajeti pamoja na jeneza. Waliofiwa watafute pia chumba chenye kitanda kwa dereva, mbali na kelele za matanga. Na mbele akae mtu wa kuongea naye usiku, si mzee anayekoroma kabla ya Mariakani.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mwulizeni mwenye basi: dereva wetu atakuwa ametoka safari gani, na alilala wapi? Akijibu kwamba huyo kijana amezoea, tafuteni basi lingine.