SOMO LA VIKUNDI: Nyumba Yako Wakati wa Baridi

Ndugu wanakikundi, mvua ndefu ikishaisha mwezi wa Mei, baridi huingia. Huku milimani, tangu Limuru mpaka Kinangop, mwezi wa Julai watu hukaa karibu na moto tu wakingojea jua. Lakini hii miezi mitatu, Juni hadi Agosti, ndiyo ya kutengeneza nyumba. Mvua fupi huanza Oktoba, na wakati huo fundi wa kijiji akiitwa na watu ishirini siku moja, ataenda kwa nani? Kabla ya kuanza, someni pamoja Mhubiri 10:18. Hata huko paa linalovuja limetajwa, na sababu yake pia!

Anzeni na paa. Siku yenye jua, ingieni ndani, fungeni mlango na madirisha, mtazame juu. Palipo na tundu mtaona mwanga kama nyota. Tundu dogo huzibwa kwa kitambaa kilichopakwa lami, baada ya kusugua kutu kwa brashi ya waya. Angalieni pia misumari. Msumari wa mabati hupigwa juu ya mgongo wa bati, na raba yake chini ya kofia. Ukipigwa bondeni, pale maji yanapopita, umejitengenezea tundu mwenyewe. Na anayepanda juu akanyage kwenye mstari wa misumari, kwa maana hapo chini pana mbao.

Gata zitolewe majani. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 5, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huangusha karibu lita 300. Hiyo ni mitungi 15 ya lita 20 ambayo mama hakubeba kutoka mtoni. Gata iliyoziba hupoteza hayo maji, tena huyamwaga ukutani.

Ukuta wa udongo haupendi maji miguuni. Chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na nyumba. Ufa mlowesheni kwanza, ndipo mjaze udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi. Wakati wa baridi udongo hukauka polepole, kwa hiyo haupasuki sana. Wengine hukimbilia kupaka simiti juu ya udongo. Sisi hatuwashauri, kwa sababu simiti haishikani vizuri na udongo, na baada ya muda hubanduka vipande vipande.

Sasa tufike kwenye jambo linaloua. Nyumba ikishazibwa nyufa zote, baridi haiingii, lakini hewa pia haiingii. Halafu jioni mtu analeta jiko la makaa chumbani ili watoto wapate joto, na mlango unafungwa. Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo msiseme, “Makaa yameshika vizuri, hakuna moshi.” Gesi hii huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa tunayohitaji. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, na miguu hulegea. Aliyelala hasikii chochote, na huenda asiamke.

Kwa hiyo jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa gesi, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi kwa watu waliolala. Mnapoziba kuta, acheni matundu ya hewa chini ya paa, hata kama bibi analalamika baridi, mwongezeeni blanketi. Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni nje haraka, na apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Kuhusu kazi yenyewe, kikundi kinaweza kununua ngazi moja na brashi mbili kutoka kwa michango, kisha mkaenda nyumba moja kila Jumamosi. Mwenye nyumba atoe chai, na kila mmoja aje na debe la udongo.

Mkutano ujao jadilianeni haya: Ni nyumba gani kijijini haina mtu wa kupanda juu ya paa? Nani kati yetu hulala na jiko ndani, na atahitaji nini ili aache? Andikeni majina ya nyumba hizo, na mkubaliane mtaanza na ipi.