Dondoo Muhimu: Komfrei katika Boma la Kipsing

Usianze na miche mingi. Komfrei, ambayo wengi huijua kama mabaki, hupenda maji, na katika eneo kame la Kipsing maji huchimbwa kwenye mchanga wa laga, yaani mto wa msimu. Mashina matatu au manne karibu na mahali pa kuogea na kuoshea vyombo yanatosha.

Chimba shimo la futi moja na nusu, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza, ila usilijaze hadi juu. Liache kama bakuli ili maji yatulie. Laza kipande cha mzizi chenye urefu wa kidole, ukifukie sentimita 5 hivi. Chagua mahali pa kudumu, kwani kila kipande kinachosalia ardhini huchipuka tena. Zungushia miiba siku hiyohiyo. Mbuzi hawasubiri.

Majani yakifika magotini, kata. Yatandaze kwenye sukuma wiki, au yajaze ndooni, tia maji na ufunike kwa wiki 3 hadi 4. Weka ndoo mbali na nyumba. Harufu yake hufukuza wageni! Chuja, changanya kikombe kimoja na vikombe 10 vya maji, kisha mwagilia nyanya, maana mchanganyiko huo una potasiamu nyingi.

Usiyale majani wala kunywa chai yake, hata ukiambiwa ni dawa ya kifua. Yana sumu inayoharibu ini, na mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka bidhaa za kumeza zenye komfrei ziondolewe sokoni. Usiyapake kwenye kidonda kilicho wazi pia.