JE, UNAMCHEKA NANI?

Kijana wa Musoma, Bunda na Butiama, simama kidogo usome!

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Watu wakauawa. Amin akafanya mzaha: eti Nyerere, mwana wa Butiama, aje wapigane ngumi, Muhammad Ali awe refa! Ndivyo ilivyo dhihaka: inachekesha ili damu isionekane. Nyerere hakuvaa glavu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, Amin akakimbia.

Goliathi naye alimdharau Daudi (1 Samweli 17). Mwisho wake unaujua.

Kwenye utani mnacheka wote wawili. Kwenye dhihaka unacheka wewe, mwenzako analia moyoni.

Je, wewe umemliza nani? Soma Mithali 26:18-19. Kisha nenda kwake leo, kamwombe msamaha.