SOMO: Kuchagua Pampu ya Kidimbwi cha Samaki



Vikundi vingi hapa Uasin Gishu vina vidimbwi vya samaki. Vingine vilichimbwa wakati wa mpango wa serikali wa kuinua uchumi ulioanza mwaka wa 2009. Sasa tunasikia wengi wakitaka pampu ya kuzungusha maji. Hizo ni pesa zilizochangwa kidogo kidogo, kwa hivyo kabla mweka hazina hajapanda matatu kwenda Eldoret mjini, someni somo hili pamoja.

Kwanza tuulizane: pampu ya nini? Usiku mimea ya majini haitoi oksijeni, bali huitumia kama samaki. Ndiyo maana alfajiri unaona tilapia wamekuja juu wanahema, midomo wazi. Pampu husaidia tu kama maji yanarudi yakianguka kama mvua, kwa mfano kupitia mpira uliotobolewa matundu, ndipo yanabeba hewa. Yakirudi kimya kimya, mmechoma stima bure. Kambare hupumua pia hewa ya juu, kwa hivyo yeye huvumilia zaidi. Na kama mna samaki 2 au 3 tu kwa kila mita mraba, na hamzidishi mbolea wala chakula, huenda pampu hamhitaji kabisa. Sisi tungeanza na chakula bora.

Mkishakubaliana kwamba mnaihitaji, someni kibati kilicho ubavuni mwa pampu. Hapa ndipo vikundi hudanganyika. Tuseme kimeandikwa Q max lita 3,000 kwa saa, na H max mita 30. Mtu anadhani atapata lita 3,000 akipandisha maji mita 30. La! Lita 3,000 ni pale maji hayapandi hata kidogo. Kwenye mita 30 pampu haitoi hata tone. Ninyi mko katikati, kwa hivyo mwombeni mwenye duka awaonyeshe mchoro wa pampu hiyo, msome kiasi cha maji kwenye kimo chenu. Asipokuwa nao, ajaribishe mbele yenu, mpira ukiwa umeinuliwa. Wekeni mtungi wa lita 20 na mhesabu. Ukijaa kwa sekunde 20, hiyo ni lita moja kwa sekunde, yaani lita 3,600 kwa saa. Kidimbwi cha mita mraba 300 chenye kina cha mita moja kina lita 300,000. Pampu hiyo itachukua zaidi ya saa 83 kuyapitisha yote mara moja.

Tukumbuke pia kwamba Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na hewa ndiyo inayosaidia pampu kuvuta maji. Pwani, kwa hesabu, pampu ingevuta maji kutoka mita 10 chini yake. Huku ni kama mita 8, na kwa kazi ya kweli msitegemee zaidi ya 5 au 6. Basi ikiwa mnajaza kidimbwi kutoka mtoni, wekeni pampu karibu na mto, isukume badala ya kuvuta. Injini ya petroli nayo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwa kimo hiki.

Gharama ya stima ni rahisi kuhesabu. Pampu ya wati 750 ikifanya kazi saa 8 kila usiku hula yuniti 6, na kwa mwezi ni 180. Zidisheni kwa bei mnayolipa. Pampu ya sola isiyo na betri huzimika jua likizama, saa ambayo samaki ndio wanaanza kuihitaji. Hiyo ni nzuri ya kujaza maji mchana.

Funikeni mdomo wa pampu kwa wavu, visije vifaranga vikavutwa. Fundi aweke waya wa ardhini, na mtu asiingie majini stima ikiwa imewashwa.

Maswali ya kujadiliana:
Kutoka kwenye maji hadi pale yatakapomwagika ni mita ngapi kwenda juu? Pimeni kwa kamba.
Nani atalipa stima miezi ambayo samaki hawajauzwa?
Nani ataamka saa kumi alfajiri kuangalia kama pampu inazunguka?