SOMO: Kadi ya Chanjo na Mlango wa Shule



Je, ni haki mtoto akataliwe shuleni kwa sababu hajachanjwa? Uganda ilijibu kwa Sheria ya Chanjo ya 2017: mzazi anapoandikisha mtoto wa shule ya awali au ya msingi, aonyeshe kadi ya chanjo.

Sababu yake ni nzito. Surua huenea kwa hewa, na mgonjwa huambukiza wenzake kabla hata vipele havijatokea. Kwetu Kongo, tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Walawi 13 hutufundisha kwamba ugonjwa wa mmoja ni jambo la kambi nzima.

Lakini hapa Mantapala wengi wetu tulivuka mpaka mikono mitupu. Kadi zilibaki nyuma, nyingine ziliungua pamoja na nyumba. Tukimfungia mtoto mlango, tunamwadhibu kwa kosa la vita. Tena kumfukuza si kumchanja: jioni atacheza na watoto wale wale.

Basi tunaona hivi: shule iulize kadi, asiye nayo aandikwe, kisha apelekwe kliniki. Zambia hutoa chanjo ya surua kwenye miezi 9 na 18. Kama hatukumbuki, achanjwe tena, kurudia hakumdhuru. Na sisi wazazi tusijifiche nyuma ya kadi iliyopotea.

Maswali ya kujadili:
1. Jirani yupi ana mtoto asiye na kadi?
2. Nani kati yetu atamsindikiza kliniki wiki hii?